Kompresa ya Mwezekaji: Jinsi Hesabu ya Hewa Inavyoshika Paa

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992 tufani iliyopewa jina la Andrew ilipiga kusini mwa jimbo la Florida, nchini Marekani. Nyumba zaidi ya 25,000 zilibomolewa kabisa, na nyingine zipatazo 100,000 zikapata madhara. Wahandisi waliotumwa kuchunguza magofu hayo walikuta kwamba katika nyumba nyingi paa ndilo lililotangulia kuondoka, na mvua ikamalizia yaliyobaki. Katika baadhi ya mapaa, mbao bapa zilizotandikwa juu ya kenchi zilikuwa zimeng'oka nzima nzima. Misumari yake ilikuwa imepita ubavuni mwa kenchi bila kushika mti wowote.

Fundi anayetumia nyundo hupata habari kwa mkono wake. Msumari ukikosa boriti, nyundo huzama ghafla naye hutambua mara moja. Fundi anayetumia bunduki ya misumari hana habari hiyo, kwa kuwa bunduki hupiga kwa mshindo uleule mmoja, uwe msumari umeshika ama umekosa. Kwa hiyo mwenye kutumia chombo hicho hana budi kuweka ujuzi mahali pa hisia: aijue hewa inayosukuma msumari, aijue mashine inayoishindilia hewa hiyo, na ajue kupima. Mashine yenyewe ni kompresa, nayo huchaguliwa kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifanya daftarini.

Kazi yenyewe

Sehemu kubwa ya nyumba za Marekani zina mapaa ya mbao yaliyofunikwa kwa vigae vya lami. Kigae cha namna hii ni utando wa nyuzi uliolowekwa lami na kunyunyiziwa punje za mawe juu yake. Ni chepesi, huweza kupindika, na hupigiliwa moja kwa moja juu ya mbao bapa. Waezekaji wa huko huhesabu kazi kwa kipimo cha futi za mraba 100, sawa na meta za mraba 9.3. Kwa vigae vya kawaida, eneo hilo huhitaji vigae 80, na kila kigae hupigwa misumari 4. Hivyo jumla ni misumari 320. Mahali penye upepo mkali kila kigae hupigwa misumari 6, na jumla hupanda hadi 480. Paa la nyumba ya kadiri lenye meta za mraba 186 humeza misumari 6,400 hadi 9,600.

Ni dhahiri basi kwa nini bunduki ya misumari ilipokelewa kwa furaha. Ndani yake mna silinda na pistoni. Kifyatuo kinapobanwa, hewa iliyoshindiliwa huingia kwa ghafla juu ya pistoni, pistoni hushuka, na ncha yake hugonga kichwa cha msumari. Kisha hewa hutoka nje kwa mlio, na pistoni hurudi juu kungoja msumari mwingine. Siku hizi zipo pia bunduki zinazotumia betri, lakini ile ya mpira wa upepo haijaachwa, kwa kuwa ni nyepesi mkononi na haichoki kabla ya jua kuchwa.

Pigo la msumari lazima liwe la kiasi. Kichwa cha msumari hutakiwa kilale sawasawa na uso wa kigae. Kanieneo ya hewa, yaani kani inayogandamiza kila kipande cha eneo, ikiwa kubwa kupita kiasi, kichwa huchana kigae na kupenya. Kigae hicho kitashikwa na tundu tu. Kanieneo ikiwa ndogo, kichwa hubaki kimesimama na kukiinua kigae kinachofuata, hata gundi ya lami isishikamane. Kasoro zote mbili hazionekani kwa mtu aliye chini. Huonekana siku ya dhoruba.

Mashine mbili dukani

Ichukuliwe kwamba mkandarasi mmoja ana waezekaji watatu, kila mmoja na bunduki yake, naye ameingia dukani kununua kompresa. Anaonyeshwa mashine mbili. Ya kwanza ina tangi kubwa la lita 75 na hutoa lita 120 za hewa kwa dakika. Ya pili ina tangi dogo la lita 30, lakini hutoa lita 230 kwa dakika. Kwa macho, ya kwanza ndiyo yenye kutisha. Je, achukue ipi?

Kabla ya kujibu, yafaa lieleweke neno «lita» linavyotumika hapa. Lita 120 na lita 230 ni za hewa huru, yaani hewa jinsi ilivyo nje kabla ya kushindiliwa. Kanieneo ya hewa hiyo kandokando ya bahari ni kilopaskali 101. Mnamo mwaka 1662 Robert Boyle alitangaza kwamba, halijoto isipobadilika, kanieneo ya gesi ikizidishwa kwa ujazo wake huleta jibu lilelile daima. Ukipunguza ujazo hadi nusu, kanieneo huwa maradufu. Kanuni hiyo ya darasani ndiyo msingi wa biashara yote ya kompresa.

Bunduki za kuezekea hufanya kazi kwa kanieneo ya geji ya kilopaskali 480 hadi 830, kwa kadiri ya chombo na ugumu wa mbao. Hapa itumike 620. Geji husoma ile ziada iliyo juu ya kanieneo ya hewa ya nje. Kwa hiyo kanieneo halisi ni 620 na 101, yaani 721, ambayo ni mara 7.1 ya hewa huru. Ikiwa kila pigo hujaza ndani ya bunduki nafasi ya lita 0.28, basi kila msumari hula lita 0.28 mara 7.1, takriban lita 2 za hewa huru.

Kazi ikipamba moto, kila mwezekaji hupiga, tuseme, misumari 30 kwa dakika. Watu watatu hupiga 90, na mahitaji yao ni lita 180 kwa dakika. Wakandarasi wenye busara huongeza robo ya kiasi hicho kwa ajili ya hewa inayovuja kwenye viungo na mashine inayochakaa; jumla hufika lita 225.

Hewa iliyomo tangini

Swichi ya kompresa huzima mota kanieneo inapofika kilopaskali 830, na kuiwasha inaposhuka hadi 620. Hewa huru inayoweza kutolewa kati ya vipimo hivyo viwili hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa tangi kwa tofauti ya kanieneo na kugawanya kwa 101. Tangi la lita 30 huwa na lita 62, zinazotosha misumari 31. Tangi la lita 75 huwa na lita 156, zinazotosha misumari 78. Waezekaji watatu humaliza akiba ya tangi dogo kwa sekunde 21, na ya tangi kubwa kwa sekunde 52.

Baada ya hapo mota huwaka. Mashine ya pili hutoa lita 230 ilhali mahitaji ni 180. Kwa hiyo kanieneo haishuki tena. Huanza kupanda polepole wakati kazi ikiendelea. Mashine ya kwanza hutoa 120 tu, na kila dakika hupungukiwa lita 60. Kanieneo yake huendelea kushuka, na baada ya sekunde nyingine 52 imefika kilopaskali 550. Tangu hapo kila msumari hupigwa kwa nguvu pungufu kuliko uliotangulia. Waezekaji wakiendelea kwa mwendo uleule, safu nzima ya vigae itakuwa na vichwa vilivyosimama.

Tangi, kwa maneno mengine, ni ghala. Ghala kubwa huchelewesha njaa, lakini haliongezi mavuno. Mkandarasi huyu achukue mashine ya pili, tena atapata faida ya kuwa na mzigo mwepesi wa kushusha garini kila asubuhi. Tangi kubwa lina nafasi yake: hufaa pale kazi inapokuja kwa vishindo vifupi vyenye mapumziko marefu, kwa mfano seremala anayepiga misumari kumi kisha akaenda kupima ubao.

Katika kusoma vibao vya mashine kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba kompresa moja huweza kuandikiwa vipimo tofauti vya hewa. Wauzaji wa Marekani huandika futi za ujazo kwa dakika, na kila futi ni lita 28.3. Mara nyingi hutaja kipimo kimoja kwa paundi 40 kwa inchi ya mraba na kingine kwa paundi 90. Kile cha 40 daima ni kikubwa, nacho hupendeza macho. Lakini mwezekaji anahitaji kile cha 90, ambacho ndicho sawa na kilopaskali 620. Mtego wa pili ni muda wa kazi. Katika mfano huu, mashine ya pili hulazimika kukimbia dakika 78 katika kila 100. Ikiwa imeundwa ikimbie nusu ya muda tu na kupumzika nusu nyingine, itaungua kabla ya paa kukamilika.

Nguvu, joto na waya

Kushindilia lita 230 kila dakika hadi kilopaskali 620 kunahitaji nguvu kiasi gani? Hesabu ya nadharia, ambayo haihesabu msuguano wala joto linalopotea, huleta jibu la wati 760 hivi, karibu nguvu ya farasi mmoja. Mashine halisi huhitaji takriban mara mbili ya hizo. Sababu kubwa ni joto. Hewa ikishindiliwa haraka bila kupoa, kutoka nyuzi 27 za Selsiasi hupanda hadi nyuzi 250 hivi. Hewa yenye joto hukataa kugandamizwa, na kazi iliyotumika kuipasha joto hupotea inapopoa tangini. Ndiyo maana silinda ya kompresa huchongwa mapezi ya kupozea na kuwekewa feni. Na ndiyo maana mashine kubwa hushindilia kwa hatua mbili, zikiipoza hewa katikati.

Soketi ya kawaida katika nyumba ya Marekani ina volti 120 na fyuzi ya ampea 15, yaani wati 1,800 kwa ukomo. Mashine ya waezekaji watatu imekwisha kukaribia ukomo huo. Mkandarasi mwenye watu wengi zaidi, au anayejenga mahali ambapo umeme haujafika, hutumia kompresa ya injini ya petroli. Injini hiyo huwekwa nje mahali peupe, kamwe si ndani ya nyumba wala gereji, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua.

Anayetumia umeme huweza kuponzwa na waya. Waya wa shaba wenye unene wa milimeta mraba 1.5, urefu wa meta 30 kwenda na 30 kurudi, una ukinzani wa omu 0.68. Mkondo wa ampea 15 ukipita humo, volti 10 hupotea njiani. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Ukiwa mara tano, volti 51 hupotea, na mota hubaki ikinguruma pasipo kuzunguka hadi iungue. Dawa yake ni kuiweka kompresa karibu na soketi na kurefusha mpira wa upepo badala ya waya.

Hata hivyo mpira nao una masharti. Hewa hupoteza kanieneo kwa kusuguana na kuta za mpira, na upotevu huo hubadilika kwa kadiri ya kipenyo kilichozidishwa mara tano kwa chenyewe. Mpira wa milimeta 6 hupoteza takriban mara 13 ya upotevu wa mpira wa milimeta 10. Kwa sababu hiyo kanieneo ipimwe penye bunduki, wala si penye tangi tu.

Maji ndani ya hewa

Kila meta ya ujazo ya hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 imebeba gramu 24 hivi za mvuke. Kompresa ya mfano huu ikikimbia mfululizo humeza meta za ujazo 13.8 kwa saa, pamoja na gramu 330 za maji. Hewa hiyo ikishindiliwa na kupoa haiwezi kushika zaidi ya gramu 58. Zinazosalia, takriban robo lita kila saa, hugeuka maji na kutuama chini ya tangi. Kwa siku ya kazi ya saa nane ni lita mbili.

Chini ya kila tangi kuna kizibo cha kutolea maji hayo, nacho hufunguliwa kila jioni. Fundi asiyejali huyaacha, na kutu hula chuma kutoka ndani, mahali pasipoonekana, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Tangi lenye kipenyo cha sentimeta 30 likiwa na kanieneo ya kilopaskali 830, kila kifuniko cha mwisho wake husukumwa kwa kani ya niutoni 58,700, sawasawa na uzito wa tani 6. Chuma kilicholiwa na kutu kikishindwa kuuhimili mzigo huo, tangi hupasuka kama bomu. Kwa hiyo tangi lililotoboka halizibwi kwa kuchomelewa kienyeji, hutupwa. Vali ya usalama nayo haifungwi, haikazwi, wala haibadilishwi na kizibo cha kawaida. Kadhalika mabomba ya plastiki ya PVC, yafaayo sana kwa maji, hayafai kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye makali.

Bunduki yenyewe ni ya kuogopwa pia. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na mashirika mawili ya serikali ya Marekani yanayoshughulikia usalama wa wafanyakazi ulikadiria kwamba bunduki za misumari hupeleka watu wapatao 37,000 hospitalini kila mwaka nchini humo. Mwongozo huo unashauri kutumia kifyatuo cha hatua kwa hatua, ambacho hupiga msumari mmoja tu baada ya ncha kugusa kazi na kidole kubana. Aina ya pili hupiga kila ncha inapogusa kitu maadamu kidole kimebana. Ni ya haraka zaidi, tena ni ya hatari zaidi. Mpira hufunguliwa kabla ya kugusa msumari uliokwama, na miwani ya kukinga macho huvaliwa muda wote.

Kutoka Florida hadi nyanda za juu

Katika Afrika Mashariki nyumba nyingi huezekwa kwa bati, na bati hupigwa kwa nyundo, msumari wa kofia ukipita kwenye tuta la bati. Lakini kompresa si mgeni. Iko kwa fundi wa matairi, iko kwa mpaka rangi wa magari, na iko katika karakana za useremala. Hesabu zake ni zilezile, na kwa watu wa nyanda za juu kuna jambo la kuongeza.

Kompresa iliyopimwa usawa wa bahari hupungua nguvu ikipandishwa mlimani. Denver huko Marekani, kama ilivyo Nairobi na Mbeya, iko kwenye mwinuko wa meta 1,600 au zaidi, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 83 badala ya 101. Kila pigo la pistoni humeza hewa ileile kwa ujazo, lakini kwa tungamo ni asilimia 82 tu. Mashine ya lita 230 huwa kama ya lita 189, na ile ziada iliyowekwa kwa tahadhari karibu yote huwa imekwisha. Injini ya petroli nayo huvuta hewa hiyohiyo hafifu, na nguvu zake hupungua. Anayenunua mashine Dar es Salaam au Mombasa ili akaitumie Mbeya au Nairobi achague yenye nafasi zaidi.

Darasani somo hili laweza kuanza na pampu ya baiskeli. Mwanafunzi azibe tundu lake kwa kidole na kusukuma: ataiona Kanuni ya Boyle mkononi mwake pale mpini unapogoma. Asukume tairi kwa haraka mara ishirini, kisha aguse mwisho wa pampu: joto atakalolihisi ndilo linalopoteza nusu ya nguvu za kompresa. Baadaye waende kwa fundi wa matairi aliye jirani, wasome kibao cha mashine yake, wapime kipenyo na urefu wa tangi, na kukokotoa ni lita ngapi za hewa huru zimo kati ya kuzima na kuwaka kwa mota. Wahesabu pia sekunde ambazo mashine huchukua kulijaza. Kutokana na vipimo hivyo viwili watapata kiasi halisi cha hewa inayotolewa kwa dakika, na kukilinganisha na kile kilichoandikwa kibaoni.

Na kabla hawajaondoka, wamwulize fundi ni lini alifungua kizibo kilicho chini ya tangi.